ZAWADI YA SIKUKUU ISILE DAFTARI LA JANUARI
Hotuba ya Mwenyekiti katika kuadhimisha miaka kumi ya kikundi



Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Tulipoanza Februari 2015 tulikuwa akina mama 18 chini ya mwembe, na sanduku la bati lenye kufuli tatu. Hisa moja ilikuwa shilingi 2,000, na wapo wiki hizo walioshindwa hata hiyo moja. Leo tuko 32, hisa ni shilingi 5,000, na sanduku ni lile lile ila limepakwa rangi mara mbili. Wenzetu watatu wametangulia mbele ya haki. Tunaomba tusimame kidogo tuwakumbuke. Asanteni, tukae.

Habari za mikopo, faini na mapato mtazisoma katika taarifa ya Mweka Hazina iliyomo humu kitabuni, na ameiandika vizuri kuliko tungeweza kuisema sisi. Kamati ilitutuma tuzungumze jambo moja tu, lile linalorudi kikundini kila mwaka ikifika Novemba, na linalotuletea maneno zaidi kuliko hata faini za kuchelewa. Jambo lenyewe ni hili: mzazi atumie kiasi gani kwa zawadi ya Krismasi ya watoto wake?

Mtu wa nje atasema, hilo nalo ni jambo la kuhutubia kwenye sherehe ya miaka kumi? Ndiyo, ni la kuhutubia. Kikundi chetu kinagawana wiki ya pili ya Desemba. Akina mama wanaweka mwaka mzima, wiki kwa wiki, jua na mvua, na siku ya mgao kila mmoja anabeba fungu lake. Zikipita wiki mbili ni Krismasi. Zikipita tena wiki mbili au tatu shule zinafunguliwa. Basi fedha ya wiki 50 inaamuliwa ndani ya siku 15. Mama akiamua vizuri, amefanya kazi mwaka mzima kwa faida. Akiamua vibaya, anaanza mwaka mpya sawasawa na alivyouanza ule wa kwanza.

Ndugu wananchi, sisi ni watu wa Moshi na tunaijua Desemba yetu. Ndugu wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na kila kona. Mabasi yanajaa, na tangu treni ya abiria iliporudi mwezi Desemba 2019, baada ya kukosekana miaka mingi, wengine wanaletwa na reli. Migombani kunanukia nyama, mbege inachemka, bibi hajui alale kitanda gani maana wajukuu wamejaa. Ni furaha kubwa, wala hatukuja hapa kuipinga. Mila hii ndiyo inayowafanya watoto wetu wajue kwao.

Lakini jamani, tuseme kweli. Ndugu wakirudi, watoto wanapimana. Binamu ametoka mjini na viatu vinavyowaka taa kisigino, huyu wa hapa ana kandambili. Watoto hawana siri, watasema pale pale. Na mama anayesikia hayo moyo unamuuma, anaweza kukimbia sokoni tarehe 24 jioni na kununua kitu ambacho tarehe 24 asubuhi alikuwa hana habari nacho.

Zamani zawadi ya Krismasi huku kwetu ilijulikana. Ilikuwa nguo. Gauni moja la mtoto wa kike, kaptula na shati la mtoto wa kiume, akivaa kanisani Krismasi, anavaa tena Mwaka Mpya, na baada ya hapo linakuwa vazi la Jumapili hadi limbane. Zaidi ya nguo kulikuwa na pilau na soda, na soda hiyo watoto wawili chupa moja. Siku hizi yameongezeka. Kuna keki, kuna baiskeli, kuna midoli yenye betri, kuna simu ya kugusa ambayo mtoto wa darasa la nne anaiomba kama anaomba kalamu. Anaona kwenye televisheni, anaona kwenye simu ya mama yake. Hatumlaumu mtoto. Mtoto kazi yake ni kuomba, na mzazi kazi yake ni kupima.

Wala hili si la Wakristo peke yao. Kikundini tuna wenzetu Waislamu, na Idd nayo ina nguo zake, viatu vyake na mkono wa Idd. Wakubwa mnakumbuka Desemba ya mwaka 2000, Idd el Fitri iliangukia siku chache tu baada ya Krismasi, mafundi cherehani walikesha na bei za vitambaa zilipanda kwa pamoja. Kwa hiyo tunaposema sikukuu, kila mmoja asikie ya kwake.

Sasa tufanye hesabu, maana kikundi ni hesabu.

Serikali iliondoa ada katika shule za msingi na sekondari za chini kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 ikaondoa na ya kidato cha tano na sita. Tunashukuru sana kwa hilo, mzigo mkubwa umeshushwa. Lakini kufutwa ada si kufutwa mahitaji. Mtoto wa shule ya msingi bado anavaa sare, anaandika kwenye daftari, anatembea kwa viatu. Tulikaa na Katibu tukapiga hesabu ya mtoto mmoja kwa bei tulizozikuta madukani hapa: sare 22,000, viatu 18,000, sweta 12,000, madaftari na kalamu 15,000, begi 15,000. Jumla shilingi 82,000. Watoto wawili ni 164,000. Hapo hatujataja yule aliyechaguliwa kidato cha kwanza na shule ni ya bweni. Huyo anatakiwa godoro, shuka, ndoo, sanduku, fyekeo, rimu ya karatasi, na nauli. Hatujataja pia mwenye nyumba, ambaye naye anajua kuwa Januari ni mwezi wa kudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Ndiyo maana watu wakaiita Januari mwezi dume.

Mahitaji haya hayaji kwa kushtukiza. Tarehe ya Krismasi inajulikana na mwezi wa kufungua shule unajulikana. Kinachotushangaza ni kwamba fedha ya zote mbili hukaa kwenye pochi moja, na ile sikukuu inayotangulia ndiyo inayokula kwanza.

Na pale fedha inapokwisha, mlango mwingine unafunguka. Mnaijua mikopo inayoitwa kausha damu. Vijana wanapita mitaani na pikipiki, hawakuulizi mengi, wanataka picha ya jokofu lako na sahihi. Tuchukue mfano. Mama anakopa 200,000 ili sikukuu ipendeze, anatakiwa kurejesha 9,000 kila siku kwa siku 30. Tisa mara thelathini ni 270,000. Amelipa 70,000 kwa kukaa na fedha ya watu mwezi mmoja, na kwa kweli hakukaa nayo mwezi mzima kwani kuanzia kesho yake alishaanza kuirudisha. Kikundini kwetu mkopo wa 200,000 kwa miezi mitatu unarudishwa 220,000, na ile 20,000 haiendi kwa tajiri, inarudi kwenye mgao wetu wenyewe.

Tunamjua mama mmoja, si mwanachama wetu, na jina lake tunalihifadhi. Alikopa kwa watu wa namna hiyo wiki moja kabla ya Krismasi. Watoto walivaa vizuri sana, picha zipo. Tarehe 9 Januari wakaja kuchukua cherehani. Cherehani ndiyo iliyokuwa ikiwalisha wale watoto. Sasa tuulizane, akina mama: yale magauni yaligharimu kiasi gani? Dukani yalikuwa na bei yake kwenye kibandiko. Bei ya kweli ilikuwa cherehani.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni ya Benki Kuu, na vikundi kama chetu visajiliwe. Sisi tumesajiliwa, cheti kimetundikwa pale ukutani. Basi anayekuja na pikipiki naye aulizwe leseni yake, na mkataba usomwe kabla ya kalamu kushikwa. Ukiona anakasirika kwa kuulizwa, jibu umeshalipata.

Ndugu Mgeni Rasmi, tusije tukaonekana tunawanyima watoto furaha. Katika mkutano wa mwezi uliopita mwenzetu mmoja alisimama akasema maneno ambayo yalitunyamazisha wote. Alisema: "Ninyi mnaongea hesabu. Mimi nimekua bila nguo ya sikukuu hata moja. Krismasi nilikuwa najificha nyuma ya banda la ng'ombe wenzangu wapite. Nimeapa wangu hawatajificha. Mtoto ana Krismasi chache, akifika miaka 15 haimsisimui tena. Fedha ni yangu, nimeiweka mwenyewe, mniache."

Hayo maneno ni ya kweli na tunayaheshimu. Zawadi si upotevu. Mtoto anayekumbukwa anajiona ni mtu. Mama aliyebeba ndizi kichwani mwaka mzima ana haki ya kuuona uso wa mwanawe ukicheka. Mzazi akisema "hakuna kitu mwaka huu" miaka yote, na huku fedha ipo, mtoto anajifunza uchoyo, hajifunzi kuweka akiba. Kwa hiyo hatubishani kama tutoe au tusitoe. Tutoe. Tunachouliza ni kiasi gani, na itoke wapi.

Wapo wanaosema dini ndiyo inayodai zawadi kubwa, kwa kuwa mamajusi walileta dhahabu, uvumba na manemane. Ni kweli walileta. Lakini walileta walichokuwa nacho, hatusomi popote kwamba walikopa. Na katika Injili ya Luka, Yosefu na Maria walipompeleka mtoto hekaluni, sadaka inayotajwa ni hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Katika Torati hiyo ndiyo ilikuwa sadaka ya mzazi asiyeweza mwana-kondoo. Familia ile ilitoa kwa kipimo chake, na hakuna aliyewacheka mpaka leo. Halafu kuna Mtakatifu Nikolao, askofu wa Mira, nchi ambayo leo inaitwa Uturuki, ambaye ndiye asili ya yule mzee wa ndevu nyeupe tunayemuona madukani. Masimulizi ya kale yanasema alipeleka dhahabu usiku, kwa siri, kwa baba maskini mwenye binti watatu aliokuwa hana mahari ya kuwaozesha. Zawadi ile iliitoa nyumba kwenye dhiki. Ya kwetu isije ikaiingiza nyumba kwenye dhiki. Wenzetu Waislamu nao wanayo zaka ya fitri, inatolewa kabla ya sala ya Idd ili maskini naye ale sikukuu. Kwa hiyo kote ni kule kule: zawadi ni ya kupunguza shida.

Sasa tuje kwenye kipimo. Kamati imezungumza na wanachama wengi, na tunapendekeza kila nyumba ijaribu kipimo hiki: zawadi za watoto wote kwa pamoja zisizidi fungu moja katika kumi la mgao. Mwenye mgao wa 800,000 atenge 80,000. Akiwa na watoto wanne, kila mmoja 20,000. Mwenye mgao wa 300,000 atenge 30,000, na asione haya. Kipimo hiki kinapanda na kushuka pamoja na mfuko, hakipandi na kushuka pamoja na jirani.

Mtauliza, 20,000 inanunua nini? Asiyejua aende Kiboriloni au soko la Memorial mapema, siyo tarehe 23. Mtumba wa daraja la kwanza ukifuliwa na kupigwa pasi hakuna atakayeuliza umetoka wapi. Anayetaka kushona, ampelekee fundi kitambaa mwezi Oktoba. Fundi wa Oktoba anakupimia kwa utulivu na bei yake ni ya kawaida, fundi wa Desemba anakwambia njoo kesho mpaka sikukuu inapita. Kitenge kimoja kizuri kinatoa magauni ya watoto wawili. Vinunueni wawili wawili au watatu watatu, mwenye duka anapunguza.

Na mpira mmoja wa nyumba nzima ni zawadi. Kitabu cha hadithi ni zawadi. Kuku wawili ambao mtoto anaambiwa "hawa ni wako, mayai yao ni yako" ni zawadi inayotaga. Mwenzetu mmoja mwaka 2022 alimpa mwanawe mtetea mmoja, na yule mtoto sasa ndiye anayenunua kalamu zake mwenyewe.

Hapo tuonye kitu kidogo. Wapo akina mama wajanja wanaofunga viatu vyeusi vya shule kwenye karatasi ya kung'aa, halafu wanasema hii ndiyo Krismasi yako. Akina mama, mtoto hadanganyiki. Anajua viatu vya shule ni haki yake. Hitaji lipewe jina la hitaji na zawadi ipewe jina la zawadi, hata kama zawadi yenyewe ni embe na puto. Ukivichanganya, mtoto anaona amenyimwa vyote viwili.

Jambo lingine, tuwahesabu watoto wote wa nyumba. Tusianze kwa kuwahesabu wa tumboni tu. Kuna mtoto wa marehemu dada yako anayelala chumba kile kile. Kuna dada wa kazi, naye ni mtoto wa watu, pengine ana miaka 18 tu, anawafulia hao wengine nguo zao mpya. Ukigawa kwa wanne na wa tano amesimama mlangoni na ufagio, sikukuu ya nyumba hiyo ina kidonda. Afadhali kila mmoja apate 16,000 kuliko wanne wapate 20,000. Na mtoto wa kike asipewe sufuria ya kuchezea upishi huku wa kiume akipewa baiskeli. Gharama zilingane.

Akina baba, msijifiche nyuma ya mgao wetu. Mgao wa mama si mshahara wa sikukuu ya nyumba nzima. Tunaomba Novemba ikianza, baba na mama wakae mezani, kila mmoja aseme analeta nini. Kisha waitwe na watoto waambiwe kiasi kilichopo. Wapo wazazi wanaoogopa kufanya hivyo, eti mtoto atatangaza umaskini. Mwenzetu mmoja alijaribu. Aliwaita wanawe watatu, akawaambia tunazo elfu arobaini na tano, semeni. Walibishana jioni nzima, mwishoni wakubwa wawili wakakubali shati shati, ili mdogo wao apate viatu kwa sababu hakuwahi kuvaa viatu vipya tangu azaliwe, siku zote anarithi vyao. Hawakufundishwa na mtu. Walipewa namba, wakatumia akili. Watoto wanaojua namba hawalii sokoni.

Na ndugu wanaotoka mjini, wakiuliza "tuwaletee watoto nini?" tusione aibu kujibu. Tuseme: leteni madaftari. Katoni moja ya madaftari kutoka Kariakoo inatosha ukoo mzima, na pipi mtaongeza wenyewe.

Ndugu wanachama, sasa tunafika kwenye hoja ambayo mtaipigia kura leo alasiri.

Mnakumbuka bahasha ya Januari. Ilianza mwaka 2019 na wanachama saba. Siku ya mgao, mwanachama kwa hiari yake alihesabu sehemu ya fedha yake, akaifunga kwenye bahasha, akaandika jina na kiasi, akasaini yeye na Mweka Hazina, ikarudi ndani ya sanduku. Washika funguo watatu wanafungua Jumamosi ya kwanza ya Januari. Mwaka jana bahasha zilikuwa 23 kati ya wanachama 32. Hakuna hata moja iliyopungua shilingi.

Sasa wapo wanaotaka bahasha iwe lazima kwa wote, na wapo wanaokataa katakata. Wanaokataa wanasema fedha ni mali ya mwenyewe, kikundi si mlezi, na hatukuacha kuongozwa na wanaume ili tuje kuongozwa na sanduku. Hoja hiyo ina nguvu.

Lakini tusikilize na upande wa pili, maana wengine hawawezi kuusema mbele ya watu. Wapo wenzetu ambao fedha ikiingia mlangoni si yao tena. Shemeji ana shida, mume ana mipango yake, wifi amekuja na machozi, na sikukuu ndiyo hiyo, nani atasema hapana? Mama huyo akisema "nimeweka mwenyewe kwa hiari" anaambiwa kaitoe. Akisema "ni sheria ya kikundi, sanduku limefungwa mpaka Januari" hakuna wa kubishana naye. Kwa mama huyo lazima si kifungo, ni ngao. Mwenye uhuru wa kusema hapana nyumbani kwake anaiona bahasha kama kero. Asiye na uhuru huo anaiona kama ukuta wa kujificha nyuma yake.

Kamati imepima pande zote mbili na inaleta mambo matatu. La kwanza, robo ya mgao wa kila mwanachama ikae kwenye bahasha ya Januari kama sheria, na zaidi ya robo iwe hiari. Mwenye mgao wa 800,000 atabakiza 200,000, nayo inatosha yale mahitaji ya watoto wawili tuliyoyataja, na inabaki 36,000. La pili, mwanachama akipata msiba au ugonjwa, bahasha yake ifunguliwe siku hiyo hiyo kwa sahihi yake na za washika funguo wawili, bila faini wala maswali mengi. Sikukuu si dharura. La tatu, kuanzia tarehe 1 Novemba kikundi kisitoe mkopo wa sikukuu. Badala yake tuanzishe kibubu cha sikukuu: shilingi 1,000 kila wiki kwa wiki 40, anayetaka, na mwisho wa Novemba anachukua 40,000 yake kabla bei hazijapanda. Ni soda moja kwa wiki tu, na kila mtu anaiweza.

Katiba yetu inataka theluthi mbili ya kura. Kwa wanachama 32 ni kura 22. Kura itakuwa ya siri, maharage meupe ndiyo, mekundu hapana. Yule mwenzetu aliyetunyamazisha mwezi uliopita tumemuomba asimame aseme tena upande wake kabla ya kura, na amekubali. Tunamshukuru. Kikundi ambacho watu wote wanasema ndiyo hakina haja ya sanduku la kura. Na kura ikikataa, bahasha itabaki ya hiari kama ilivyo, hakuna atakayenuniwa.

Kwa vyovyote itakavyokuwa, tunaomba kila mama aondoke hapa na swali moja la kujiuliza akiwa sokoni mwezi Desemba, kitu kiko mkononi na muuzaji anasubiri: je, hiki nikikinunua, tarehe ya kufungua shule itanikuta wapi? Akipata jibu lenye amani, anunue, tena ampatie mtoto kwa kicheko. Asipopata, arudishe taratibu. Duka halitafungwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, miaka kumi iliyopita tulitaka tu kuacha kukopa sukari kwa jirani. Leo tunazungumza jinsi ya kugawa kilichopatikana. Haba na haba imejaza kibaba, na kazi iliyobaki ni kukilinda kibaba kisimwagwe kwa siku moja.

Tunawashukuru wafadhili wetu wa hapa mtaani mliotupa viti na maturubai, vijana wa kwaya, akina mama wa jikoni ambao hawajakaa tangu alfajiri, na waume zetu waliobaki na watoto wadogo ili sisi tukae hapa. Tunaomba sasa wanachama waje mezani kwa Katibu kuchukua maharage yao, halafu chakula.

Umoja ni nguvu.